SOMO: Mwaka wa kwanza LLB (shahada ya sheria), anza na hukumu, madesa baadaye

Wakuu, vyuo vimefunguliwa na kila siku naulizwa swali lile lile: "Nimechaguliwa sheria, nianzie wapi?" Nimeona niandike mara moja. Naongelea Tanzania Bara. Zanzibar ina Mahakama Kuu yake na sheria zake nyingi, wa huko watatujazia.

Wengi tumetoka HGL na HKL, zile tahasusi za kidato cha sita, tukiwa mabingwa wa kukariri, na hicho ndicho kinachotuangusha. Mtihani wa sheria unakupa kisa kipya ambacho hujawahi kukiona, halafu unakuuliza nani ana haki. Jibu lake halimo kwenye desa lolote, yaani zile nukuu fupi za kurithishana.

Hatua ya 1: Pata sheria zenyewe

Kabla hujanunua kitabu, pakua Katiba ya 1977, Kanuni ya Adhabu (Sura ya 16), Sheria ya Mikataba (Sura ya 345) na ile inayoitwa JALA, yaani Judicature and Application of Laws Act (Sura ya 358). TanzLII, tovuti ya sheria na hukumu za Tanzania, ni bure. Angalia toleo: Toleo la Urekebu la 2023 lilianza kutumika Julai 1, 2025, wakati madesa ya hosteli bado yananukuu la 2002. Usinukuu kifungu ambacho hujakisoma mwenyewe.

JALA isome mapema, hasa kifungu cha 2(3). Ndicho kinachokueleza kwa nini kesi za Kiingereza zimejaa kwenye silabasi yako: tulipokea komon loo (sheria iliyojengwa na hukumu za majaji), ekwiti (kanuni za uadilifu za kulainisha ukali wa komon loo), na sheria za jumla zilizokuwa zikitumika Uingereza Julai 22, 1920.

Hatua ya 2: Anwani ya kesi

[1995] TLR 31 maana yake ripoti za sheria za Tanzania za 1995, ukurasa wa 31. Hapo utaikuta kesi ya Mchungaji Mtikila kuhusu mgombea binafsi. Za siku hizi zina TZHC (Mahakama Kuu) au TZCA (Mahakama ya Rufani). Shika tofauti hiyo, maana uamuzi wa Rufani unaifunga Mahakama Kuu, wala si kinyume chake.

Hatua ya 3: Fupisha hukumu kwa mkono wako

Hapa tutulie. Chukua Bernardo Ephraim dhidi ya Holaria Pastory, Mahakama Kuu Mwanza, 1990, Jaji Mwalusanya.

Ukweli wa kesi: Holaria alirithi shamba la ukoo kutoka kwa baba yake kwa wosia. Uzee ukamfika, hana wa kumtunza, akaliuza kwa mtu asiye wa ukoo. Bernardo, mwanaukoo, akaenda Mahakama ya Mwanzo kutaka mauzo yabatilishwe, kwa kuwa mila ya Kihaya haikumruhusu mwanamke kuuza ardhi ya ukoo. Akashinda. Mahakama ya Wilaya ikapindua, naye akakata rufaa.

Hoja: mila hiyo inasimama mbele ya haki za binadamu zilizoingizwa kwenye Katiba mwaka 1984?

Uamuzi: haisimami. Holaria alikuwa na haki ya kuuza kama mwanaume.

Sababu: wengi wanateleza hapa. Wanaandika "jaji alisema ubaguzi ni mbaya", wanafunga daftari. Jaji alipita njia mahususi: ibara ya 13 inakataza ubaguzi, na kifungu cha 5(1) cha sheria ya mpito ya 1984 kinaitaka mahakama izisome sheria za zamani kwa marekebisho yatakayoziweka sawa na Katiba. Usipoitaja njia hiyo, umesimulia tu.

Ukimaliza, badilisha ukweli mmoja ujiulize tena. Je, kama mila ingewakataza wanaume na wanawake kwa usawa kuuza nje ya ukoo, Bernardo angeshinda? Ukiweza kulijibu hilo, ile ratio decidendi inayowatisha watu, yaani sababu ya kisheria iliyobeba uamuzi, umeshaishika.

Hatua ya 4: Kujibu swali la kisa

Asha anamwandikia Juma: "Bajaji yangu nauza milioni 5." Juma: "Nina 4.5." Asha kimya. Kesho yake Juma anaandika: "Sawa, naleta tano." Asha kashamuuzia mwingine. Juma anataka kushtaki.

Mtu wa desa anamwaga kurasa mbili za maana ya mkataba. Wewe anza na hoja: ofa ya Asha ilikuwa bado hai Juma alipotuma ujumbe wa pili? Kisha sheria: kifungu cha 7 cha Sheria ya Mikataba kinataka ukubali uwe kamili, usio na sharti. Weka na Hyde v Wrench ya 1840: shamba la pauni 1,000, mnunuzi akataja 950, akakataliwa, akarudi kwenye 1,000, akakuta ofa imeshakufa.

Halafu matumizi, na hapa ndipo alama zilipo. "Nina 4.5" ni ofa mpya, au Juma alikuwa anaulizia tu kama bei inashuka? Stevenson v McLean ya 1880 inampa Juma pa kushika: kuulizia tu hakuui ofa. Na ule ujumbe wa kwanza wa Asha, ni ofa kweli au tangazo tu? Bishana pande zote, kisha chagua. Hitimisho ni mstari mmoja.

Hatua ya 5: Nenda Mahakama ya Mwanzo

Asubuhi moja inatosha. Zima simu, kaa nyuma. Utamwona mdaiwa anaambiwa amuulize shahidi maswali, naye anaanza kulalamika upya, hadi hakimu anamkatiza: "Hayo utayasema zamu yako ikifika. Sasa muulize swali." Somo la ushahidi likija, wewe utakuwa umeshaliona likitembea.

MASWALI YA WADAU

Mkuu, mimi wa shule ya kata, Kiingereza kinanipiga chenga. Nitatoboa?
Utatoboa, ila jipange. Mwaka 2021 Kiswahili kilifanywa lugha ya sheria na mahakama, lakini darasani bado ni Kiingereza. Soma aya moja ya hukumu, ifunge, mweleze mwenzako kwa Kiswahili. Ukikwama, hujaielewa, rudi. Kwenye mtihani andika sentensi fupi fupi.

Kwa hiyo madesa tuchome?
Hapana ndugu yangu. Mitihani ya nyuma ni dhahabu. Nakataza kusoma ufupisho wa mtu mwingine badala ya hukumu.

Nikimaliza digrii nakuwa wakili moja kwa moja?
Hapana. Kuna Law School, shule ya mafunzo ya uwakili kwa vitendo, iliyoanzishwa kwa sheria ya 2007, ndipo uombe kuandikishwa. Na si lelemama: 2022 matokeo yalizua kelele nchi nzima, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26 kati ya 633, hadi Waziri wa Katiba na Sheria akaunda kamati chini ya Dk. Mwakyembe. Mimi naona tatizo linaanzia mwaka wa kwanza, kwa kukariri.

Mimi ni mzazi. Binti yangu anaomba laki tatu za suti, ni lazima?
Shikamoo mama. Vyuo vina taratibu tofauti, muulize akuonyeshe tangazo. Mara nyingi suti inahitajika siku ya muti, yaani mashindano ya kesi za mazoezi, na wengi huazimana. Bando la kusomea hukumu lina faida zaidi kwa sasa.

Lile swali la hatua ya 3: Bernardo angeshinda, ubaguzi si haupo tena?
Umeanza vizuri, dada. Kwa ibara ya 13 peke yake, ndiyo. Ila fungua ibara ya 24, haki ya kumiliki mali, uone kama Holaria ana pa kushika. Andika aya moja uilete hapa.