Namna ya Kupimiwa Baiskeli kwa Fundi Hadi Ikukae

Mtu akinunua kitambaa sokoni Iringa haoni ajabu kusimama mbele ya fundi cherehani apimwe mabega, kiuno na urefu wa mkono, lakini mtu huyohuyo akinunua baiskeli huipanda kama alivyoikuta, na goti likianza kuuma husema ni milima. Nami nilisema hivyo kwa miaka miwili, nikipanda kila jioni kutoka Ipogolo kwenda mjini, hadi siku fundi mmoja mzee aliponisimamisha kando ya barabara. “Kamwene, mwanangu,” alisema, “mbona magoti yanakufika kifuani?” Alilegeza nati, akapandisha siti kiasi cha vidole vitatu, akaikaza. Baada ya wiki chache maumivu ya mbele ya goti yalikwisha.

Ukitaka kupimiwa, nenda kwa fundi asubuhi kabla wateja hawajajaa, kwa sababu kazi hii ikifanywa vizuri huchukua karibu saa nzima, na umweleze tangu mwanzo kwamba hukuja kuziba pancha bali kupimwa. Vaa viatu unavyoendeshea kila siku, kwani kati ya kandambili na buti lenye soli nene kuna tofauti ya sentimita mbili hivi, na hizo zinatosha kuharibu kipimo. Ikiwa hubeba madumu ya maziwa au gunia la viazi kwenye keria, mwambie pia.

Fremu itazamwe kwanza. Simama ukiwa umeipanua miguu juu ya bomba la juu, nyayo zote zikiwa chini. Pasipokuwa na nafasi ya angalau sentimita mbili au tatu kati ya bomba na msamba, fremu hiyo ni kubwa kwako, na hakuna spana itakayoipunguza. Phoenix za magurudumu ya inchi 28 huwasumbua wengi kwa jambo hili, hasa watu wafupi, na ni afadhali kulijua kabla ya kulipa.

Kazi kubwa ni kimo cha siti, na hapa usikubali haraka. Kwa kipimo hiki pekee vua viatu: simama peku, mgongo ukutani, uweke daftari gumu katikati ya miguu, ulipandishe hadi likukandamize kama siti inavyokukandamiza, kisha fundi apige alama ukutani na kupima kutoka alama hiyo hadi sakafuni. Tuseme umepata sentimita 80. Kanuni iliyoenezwa na Greg LeMond, Mmarekani aliyeshinda mashindano ya baiskeli ya Tour de France mara 3, huzidisha kipimo hicho kwa 0.883, nawe unapata sentimita 70.6, ambao ndio umbali kutoka katikati ya ekseli ya krenki, yaani mikono inayoshika pedeli, hadi juu ya siti, ukipimwa kwa kufuata bomba la siti. Hesabu hiyo ni mahali pa kuanzia tu; mwili ndio unaothibitisha. Kaa juu ya siti huku fundi ameishika baiskeli, weka kisigino juu ya pedeli iliyo chini kabisa, na mguu unapaswa kunyooka bila nyonga kuinama upande. Ukirudisha sehemu pana ya mbele ya wayo kwenye pedeli, goti litabaki limekunjika kidogo, nyuzi 25 hadi 35 hivi. Kisha fundi asimame nyuma yako akutazame ukiendesha: kiuno kikiyumba kushoto na kulia, siti imezidi kimo, na maumivu yatakuja nyuma ya goti; ikiwa chini mno, yatakuja mbele, kama yangu.

Wengi hutaka siti iwe chini ili nyayo zote mbili zifike ardhini wakiwa wamekaa. Ninaielewa hofu hiyo, maana barabara zetu zina malori, lakini dawa yake ni kujifunza kushuka mbele ya siti unaposimama. Na siti isipandishwe kupita alama ya mwisho iliyochongwa kwenye nguzo yake, kwa kuwa nguzo iliyoingia kidogo huweza kuvunjika nawe ukiwa juu.

Baada ya kimo, siti husogezwa mbele au nyuma. Krenki zikiwa zimelala sawa na ardhi, fundi ashushe uzi wenye nati mwishoni kutoka mbele ya goti lililo upande wa mbele, nao uangukie karibu na ekseli ya pedeli. Anayebeba mzigo nyuma asiisukume siti nyuma sana, kwani kwenye mpando gurudumu la mbele litakuwa jepesi na usukani utatangatanga. Juu ya siti pawekwe pima maji, na palale sawa. Pua ikiinuka hutia ganzi msambani, ikiinama hukutelezesha mbele na viganja hubeba mwili wote.

Usukani huja mwisho. Viwiko vikunjike kidogo, mabega yasipande masikioni. Kwa baiskeli za kizamani fundi hulegeza boliti ya shingo ya usukani mizunguko michache, akaigonga kwa kipande cha mti hadi iachie, kisha akainua, naye aheshimu alama ya mwisho ya shingo pia. Breki za vyuma huvutika usukani unapopanda, kwa hiyo zirekebishwe palepale na zijaribiwe kabla hujaondoka.

Jaribu baiskeli kwenye mpando, si kwenye tambarare mbele ya kibanda, kisha iendeshe wiki mbili na urudi. Marekebisho yanayofuata yawe ya nusu sentimita kwa mara moja. Ukiridhika, chora mstari wa rangi ya kucha pale nguzo ya siti inapoingia kwenye fremu, ili mdogo wako akiiazima na kuishusha, uirudishe mahali pake bila kupima upya.