Kabla ya Vuli: Kuitayarisha Mashine ya Kufyekea Nyasi kwa Uzi

Nyasi zikishanyauka kuanzia Juni, mashine ya kufyekea hutupwa stoo, na mwenyewe huikumbuka pale mvua za vuli zinapokuwa zimeshanyesha wiki mbili na uwanja umefika magotini. Hapo ndipo kamba ya kuwashia huvutwa mpaka bega likauma. Adha hiyo huepukika kwa kutenga asubuhi moja mwishoni mwa Septemba, wakati ambapo hakuna haraka na duka la vipuri halijajaa watu.

La kwanza kulielewa ni kwamba uzi wa nailoni hauna makali yoyote. George Ballas wa Houston, Marekani, aliyebuni mashine hii mwaka 1971, alipata wazo hilo akiwa ndani ya gari lake linaoshwa na brashi zinazozunguka, akajaribu kwa kopo la bati na uzi wa kuvulia samaki. Kitu kilicholegea hukakamaa kikizungushwa kwa kasi, na ni kasi hiyo inayokata. Kwa hiyo nyasi zinapochanika na kubaki na ncha nyeupe badala ya kukatika, usiulaumu uzi kwanza; tafuta kinachoipunguzia injini mzunguko.

Mara nyingi ni mafuta. Petroli iliyolala tangini zaidi ya mwezi mmoja hupoteza sehemu yake nyepesi na kuacha utando wa gundi katika vijitundu vya kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa, hivyo imwagwe yote kabla ya kugusa kingine. Mashine nyingi za aina hii ni za mizunguko miwili, nazo hazina sehemu ya kuwekea oili peke yake; oili huchanganywa na petroli. Fuata kipimo cha kitabu cha mashine: kikisema 50 kwa 1, lita 1 ya petroli huchukua mililita 20 za oili, kikisema 25 kwa 1, huchukua mililita 40. Mimi hutumia bomba la sindano la mililita 20 kutoka duka la dawa, kwa sababu kifuniko cha chupa si kipimo, hata fundi akiapa. Changanya kwenye dumu safi, utikise, ndipo umimine tangini. Oili iwe ile ya injini za mizunguko miwili, si ya gari. Niliwahi kumwazima jirani mashine yangu, akaijaza petroli tupu. Ilifyeka kwa dakika chache, ikanoki, na pistoni ilipotolewa ilikuwa na michirizi kama imepigwa msasa.

Baada ya mafuta ni hewa. Fungua kifuniko cha chujio, utoe sponji, uifue kwa maji ya sabuni na kuikamua kwa kuibana kiganjani bila kuisokota, kwani ikichanika vumbi lote huingia kwenye silinda. Irudishwe ikiwa imekauka kabisa. Plagi nayo itolewe isomwe: ncha yenye rangi ya kahawia ni dalili njema, nyeusi yenye unyevu huashiria oili iliyozidi au chujio lililoziba, na nyeupe huashiria injini inayochemka kwa kukosa mafuta ya kutosha. Wavu mdogo ulio kwenye ekzosi husahaulika sana. Ukizibwa na masizi, mashine huwaka vizuri lakini hukosa nguvu mara tu inapokutana na nyasi nzito. Gia iliyo mwisho wa chini wa bomba refu la mashine hutaka grisi kidogo tu.

Kuhusu uzi wenyewe, nunua unene ulioandikwa kwa ajili ya kichwa cha mashine yako, yaani sehemu inayozunguka ikiwa imebeba uzi, kwa kuwa uzi wa milimita 3 kwenye mashine ya milimita 2.4 huilemea injini. Nailoni iliyokaa muda mrefu hukauka na kukatika ovyo. Ilaze ndani ya ndoo ya maji usiku kucha, itanywa maji na kurudia unyumbufu wake. Unapouzungusha kwenye kichwa, fuata mshale, uvute kwa kukaza, na pande zote mbili ziwe na urefu sawa, la sivyo mashine itatetemeka mikononi. Wapo wanaong'oa kinga, kile kifuniko kilicho juu ya uzi, ili wakate eneo kubwa zaidi, nami naona wanajidanganya: kijisu kilicho kwenye kinga ndicho kinachoupunguza uzi uliozidi, na bila hicho uzi mrefu huipunguzia injini kasi na kuichosha.

Okota mawe, waya na vipande vya chupa uwanjani, uvae miwani na buti, na watoto wakae umbali wa mita 15. Kisha washa mashine, uiache ipate moto bila kubonyeza kitufe cha kuongeza mafuta, na ukitazame kichwa. Kikiendelea kuzunguka, skrubu ya mzunguko wa chini imekazwa mno au klachi imeshika, na mashine isiingizwe kwenye nyasi mpaka hilo lirekebishwe.