Kabla hujawasha nodi ya kwanza: kanzidata yenye nyumba mbili, Unguja na Pemba

Swali la kwanza la kujibu kabla hujanunua hata seva moja halihusu programu wala bei. Siku mawasiliano baina ya Unguja na Pemba yakikatika, unataka kila upande uendelee kuandika kivyake kisha wapatane baadaye, au unataka upande mmoja usimame ungoje? Lijibu kwa maandishi, mwenye biashara akiwa amekaa mbele yako, siku ambayo bahari ni shwari. Mengine yote nitakayoyaeleza, kuanzia idadi ya nodi (kila seva iliyomo kwenye kundi) hadi tundu la ukutani unalochomekea waya, yanafuata jibu hilo.

Nasema hivyo kwa sababu huku kwetu ni nadra klasta, yaani seva kadhaa zinazofanya kazi kama kanzidata moja, kuhitajika kwa ajili ya wingi wa data. Chukua mfumo kama huu tunaouendesha sisi: vifaa 1,200 vilivyofungwa kwenye visima, majokofu ya samaki na majenereta ya mahoteli, kuanzia Nungwi hadi Makunduchi na kuvuka hadi Pemba. Kila kifaa hutuma kipimo kila baada ya sekunde 30. Hiyo ni vipimo 40 kwa sekunde, karibu milioni 3.5 kwa siku. Mzigo huo seva moja nzuri yenye PostgreSQL, programu ya kanzidata, inaubeba bila kutokwa jasho. Basi kama una ofisi moja tu Mjini na wateja wako wote wako upande mmoja wa maji, usijitie kwenye klasta. Seva moja na nakala yake ya akiba zitakutosha, na usiku utalala. Sisi tuliingia kwenye Cassandra, programu ya kanzidata ya klasta, kwa sababu moja: jokofu lililoko Wete, Pemba, haliwezi kungoja mtandao wa Unguja urudi ndipo limwambie mtu kwamba samaki wanaoza.

Cassandra ilianzia Facebook, ikatolewa kwa umma mwaka 2008, na sehemu kubwa ya wazo lake ilitokana na Dynamo, mfumo ambao Amazon waliueleza mwaka 2007. Ndani yake hakuna nodi iliyo bwana wa nyingine. Yoyote inapokea, yoyote inajibu, na nakala zinasambazwa kwa majirani. Kwa watu wa visiwani hilo ni jambo kubwa, lakini lina masharti yake, na sharti la kwanza ni akidi.

Kila aliyewahi kuhudhuria kikao anajua akidi ni nini. Kwenye kanzidata hii unaamua kila kipande cha data kiwe na nakala ngapi, na ni nakala ngapi zikubali ndipo maandishi yahesabike yamepita. Ukiwa na nakala 3, akidi ni 2, hivyo nodi moja ikizimika kazi inaendelea. Hapo wengi hufurahi, wakaweka nakala 3 Unguja na 3 Pemba, wakaacha programu zao ziombe akidi ya kawaida. Hebu hesabu tena. Nakala sasa ni 6, na akidi ya 6 ni 4. Mawasiliano yakikatika, Unguja ina 3, Pemba ina 3, hakuna aliyefikisha 4. Pande zote mbili zinakataa kuandika ilhali seva zote sita ni nzima kabisa. Umenunua mara mbili ili ukwame mara mbili. Dawa yake ni kuagiza akidi ya pale pale, ile inayoitwa LOCAL_QUORUM, ambapo kila kisiwa kinahesabu nakala zake tu na kingine kinapelekewa taarifa njia ikifunguka. Ipime kwenye kila programu inayounganishwa, kwa sababu anayechagua kiwango hiki ni mwandishi wa programu, na anaweza akawa hajawahi kuvuka bahari hiyo maisha yake yote.

Ukitumia MongoDB, programu nyingine ya kanzidata, hesabu ni nyingine, kwani kule lazima pawe na nodi kuu inayochaguliwa kwa wingi wa kura. Ukiwa na sehemu mbili tu, upande wenye kura chache utabaki kusoma bila kuandika. Tafuta mahali pa tatu pa kuweka mpiga kura, Dar es Salaam kwa mfano, tena afikike kwa njia isiyopitia Unguja.

Sasa umeme, na hapa nataka tukae kidogo. Umri wangu unatosha kuukumbuka Mei 2008, waya wa baharini ulipoharibika na Unguja ikakaa karibu mwezi mzima gizani, na tena kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, miezi mitatu. Nakumbuka milio ya majenereta vichochoroni Mji Mkongwe na bei ya barafu Darajani. Waya mpya wa megawati 100 ulizinduliwa mwaka 2013, na Pemba nayo imeungwa na Tanga tangu 2010, kwa hiyo hali si ile tena. Bado visiwa vyote viwili vinapata umeme wao mkubwa kwa nyaya zilizolala chini ya maji, na anayepanga klasta bila kuliweka hilo kichwani anapanga klasta ya nchi nyingine.

Kosa ambalo nimelikuta mara nyingi zaidi ya mengine yote ni hili: seva tatu, nakala tatu, UPS moja (betri inayoshika seva umeme ukikatika). Mtu amesoma kwamba nakala tatu zinamlinda, na ni kweli, ila zinamlinda dhidi ya kufa kwa seva moja. Zote tatu zikiwa zimechomekwa pale pale, UPS ikichoka zinakwenda pamoja. Na kuna jambo la ndani zaidi. Cassandra, kama hujagusa mipangilio yake, ikipokea maandishi huyaweka kwenye kumbukumbu ya muda (RAM) na kumjibu mtumaji kwamba yameingia, kisha daftari la maandishi husukumwa kwenye diski kila sekunde 10. Nodi moja ikizimika ghafla ndani ya sekunde hizo hakuna neno, wenzake wanayo. Zote tatu zikizimika kwa pamoja, sekunde hizo zinaweza kupotea, na mtumaji ameshaambiwa kuwa zimehifadhiwa. Unaweza kuilazimisha iandike kwenye diski kwanza ndipo ijibu, na utalipia kwa kasi. Kwa vipimo vya joto mimi nimekubali sekunde hizo. Kwa malipo ya wateja sikubali, na wewe usikubali.

Kwa hiyo kila nodi ipewe chanzo chake cha umeme kadiri unavyoweza: moja kwenye UPS hii, ya pili kwenye UPS nyingine, ya tatu chumba kingine au jengo jingine kabisa. Ukishafanya hivyo iambie na kanzidata. Cassandra ina neno raki, na watu hudhani ni lile kabati la chuma. Kwangu mimi raki ni jina la vitu vinavyokufa pamoja. Zipe nodi majina ya raki kwa kufuata umeme wake, nayo itajitahidi isiweke nakala mbili za kitu kimoja mahali panapozimika pamoja. Lipange hili kabla ya kuwasha, maana kulibadilisha nodi zikishajaa ni kazi ya kuomba dua.

UPS nayo iunganishwe na seva kwa waya wa data, ili betri ikifika kiwango fulani, tuseme asilimia 40, seva ijiamuru yenyewe nodetool drain (amri ya Cassandra ya kumalizia maandishi kwenye diski) na kuzima kwa adabu. Usimtegemee mtu kukimbia na tochi. Halafu angalia kiyoyozi kimechomekwa wapi. Seva zikibaki hai kwenye betri na kiyoyozi kimekufa na umeme, chumba kilichofungwa Februari, kaskazi ikivuma na joto lake, kinakuwa tanuri muda si mrefu. Na chumba kisiwe na dirisha linalotazama bahari. Hewa ya chumvi inakula viunganishi taratibu, huoni kitu mpaka siku bodi inapokataa kuwaka.

Mtandao pia hupita baharini, na mkonga unakatika kama waya wa umeme. Mei 2024, mikonga ya baharini ya EASSy na Seacom ilipokatika pamoja, Tanzania nzima ilihisi. Programu inakusaidia kwa kukuwekea vikumbusho: nodi isipofikika, wenzake wanashika maandishi yake na kuyapeleka ikirudi. Lakini kwa mpangilio wa kawaida wanafanya hivyo kwa saa 3 tu, baada ya hapo hawaongezi tena. Saa 3 kwetu ni nini? Umeme unakatika baada ya sala ya Ijumaa na unarudi magharibi. Ama uongeze muda huo, ukihakikisha diski ina nafasi ya kuvibeba vikumbusho, ama ujiwekee sheria kwamba kila pengo linalozidi saa 3 linafuatwa na ukarabati wa nakala, yaani nodi kulinganisha nakala zao na kusawazisha zilizotofautiana. Sisi tunafanya yote mawili, na kila juma tunaendesha nodetool repair, amri ya ukarabati huo, kuna pengo au hakuna.

Ukarabati huo una sababu nyingine, nayo niliilipia. Ukifuta kitu kwenye kanzidata ya namna hii hakiondoki papo hapo. Kinawekewa alama ya kaburi, na alama hiyo inasambazwa ili kila nodi ijue aliyelala hapo ni nani. Baada ya siku 10 alama zinaruhusiwa kusafishwa. Nodi yetu moja ya Chake Chake iliharibika wakati wa kusi, kifaa cha kubadilisha kikachelewa, ikakaa siku 17 bila kuwaka. Niliporudi nayo kwa boti niliiwasha tu, nikafurahi kuiona imesimama. Ndani yake mlikuwamo vitu ambavyo wenzake walishavifuta na makaburi yake yakasafishwa, na yeye hakuwa na habari. Akavisambaza upya kama vipya. Namba za simu za wafanyakazi walioacha kazi zikarudi kwenye orodha ya tahadhari, na mzee mmoja aliyekwisha staafu akawa anaamshwa saa nane za usiku kuhusu jokofu la hoteli ambayo si yake tena. Alinipigia: "Mwanangu, nimekukosa nini?" Sikuwa na la kumjibu ila kumwomba radhi. Tangu hapo sheria yetu ni moja: nodi iliyokaa nje zaidi ya siku 10 hairudi na data yake. Inafutwa, inaingia kama mgeni, inajazwa upya na wenzake.

Saa. Cassandra ikikuta maandishi mawili yanayogongana humchagua mwenye muhuri wa wakati ulio wa karibuni zaidi, haina hoja nyingine. Seva au kompyuta ya mteja ambayo saa yake iko nyuma itaandika, itajibiwa kwamba yamepita, na maandishi yake yatafunikwa na ya zamani. Betri ndogo ya kwenye bodi ikifa na mtandao haupo wakati wa kuwaka, hakuna pa kuulizia saa. Badilisha betri hizo kabla hazijakulazimisha, weka chanzo cha saa ndani ya kila kisiwa, na zuia kanzidata isianze mpaka saa imethibitishwa.

Diski: usivuke nusu. Kanzidata hii huunganisha mafaili madogo kuwa makubwa, na wakati wa kuunganisha inaweza kuhitaji nafasi karibu sawa na data yenyewe.

Milango: Cassandra ikitoka kwenye boksi haimuulizi mtu nenosiri. Milango yake ya mtandao (port) namba 7000, 7199 na 9042 isionekane kabisa kutoka intaneti, na nenosiri liwekwe siku ya kwanza. Januari 2017 maelfu ya kanzidata za MongoDB zilizoachwa wazi zilifutwa na watu waliodai fidia, na wenyewe wengi hawakuwa na nakala ya akiba.

Na nakala za klasta si nakala za akiba. Ukifuta jedwali kwa makosa, amri inafika visiwa vyote viwili kwa uaminifu ule ule. Piga picha ya data kila usiku, itoe nje ya seva ile ile, maana picha inayokaa kwenye diski hiyo hiyo itakufa nayo, na kila mwezi ijaribu kuirudisha kwenye mashine tupu. Mtandao ukiwa mzito, diski iliyofungwa kwa usimbaji (isisomeke bila ufunguo) ndani ya mkoba kwenye boti ya asubuhi kutoka Mkoani inafika salama.

Mwisho ni watu. Pemba lazima awepo mtu mwenye ufunguo wa chumba, anayejua kusoma hali ya nodi, na mwenzake wa pili siku ya Idd. Upepo ukizuia vyombo, wewe uliyeko Mjini huna mikono kule, na dizeli yao pia inakuja kwa bahari. Hesabu saa za mafuta kabla ya kusi, si ndani yake.

Kisha chagua siku ya utulivu, waarifu wateja, uchomoe mwenyewe waya wa mtandao wa Pemba kwa saa 4, zaidi ya muda wa kawaida wa vikumbusho. Mara ya kwanza tulipofanya hivyo, nodi zote ziliendelea kuandika kama tulivyopanga. Kilichotushinda ni simu: orodha ya nani ampigie nani ilikuwa imehifadhiwa kwenye mfumo ulioko Unguja. Sasa imechapwa kwa herufi kubwa na kubandikwa nyuma ya mlango wa chumba cha seva, Chake Chake, na chini yake kuna nafasi ya kuandika kwa kalamu.