Somo: Naxos kwa wawili, kutoka kalenda ya babu hadi langoni kwenyewe

Salamu. Kuna walioomba niandike tulivyokwenda Ugiriki mimi na mume wangu, maana picha wameziona lakini picha hazisemi viza ilipatikanaje. Basi nimekaa, chai iko mezani, nitakwenda hatua kwa hatua. Chini nimejibu maswali yaliyokwisha kuulizwa.

Chanzo kwanza. Babu yake mume wangu alikuwa karani kwenye shamba la mkonge nje ya Tanga, enzi zile mashamba mengi ya huko yakiwa ya Wagiriki. Bwana shamba alipofunga virago kurudi kwao, aliacha kalenda ukutani, babu akaibeba nyumbani. Kurasa zikachanika moja moja mpaka ikabaki picha moja: mlango mkubwa wa mawe umesimama juu ya bahari peke yake, mbele hakuna nyumba, nyuma hakuna nyumba. Mume wangu amekua akiutazama. Tulipooana alinionyesha, akasema siku moja tutapita pale. Hiyo siku moja ilichukua miaka 14. Kila tukikusanya, mara ada za shule, mara bati za nyumba.

Mlango huo unaitwa Portara, na uko kisiwa cha Naxos. Tulikwenda mwishoni mwa Septemba 2025.

Hatua ya 1: Chagua kisiwa kimoja

Mpango wetu wa kwanza ulikuwa Mykonos, Naxos na Santorini kwa siku nane. Nikachukua daftari nikahesabu. Kila unapohama, nusu siku imeliwa: kufungasha, kukabidhi chumba, kungoja meli juani, kutafuta chumba kipya. Siku nane zikapungua hivyo hivyo. Tukafuta viwili.

Najua wengi moyo uko Santorini, kwenye zile nyumba nyeupe ukingoni mwa shimo la volkano. Pazuri, sibishi. Lakini chumba kinachotazama ukingo huo kina bei yake, na meli za utalii humwaga maelfu ya watu kwa siku. Naxos ndicho kikubwa kuliko vyote katika kundi la Cyclades, kina mashamba, ng'ombe na viazi vyake, na mlima Zas unaopita mita 1,000. Watu wa huko wana shughuli zao, hawashindi wakikungoja wewe mgeni.

Hatua ya 2: Mwezi

Julai na Agosti jua kali, bei juu, na kuna upepo wa kaskazini uitwao meltemi ambao unaweza kuvuma siku kadhaa mfululizo. Tarehe 15 Agosti ni sikukuu yao kubwa ya Bikira Maria, meli hujaa Wagiriki wenyewe. Mei kuna maua ila bahari bado ya baridi, na sisi watu wa pwani maji ya baridi hatuyawezi. Septemba bahari imekwisha kupata joto la kiangazi kizima.

Hatua ya 3: Viza

Hapa ndipo wengi wanapokwama, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Ugiriki iko ndani ya Schengen, kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Maombi unayapeleka kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Kama unalala Ugiriki siku saba na Ufaransa siku mbili, huendi kwa Wafaransa kwa sababu ofisi yao iko karibu na kwako. Ubalozi wa Ugiriki uko Nairobi. Ulizia mapema ukiwa Dar, Kampala au Bujumbura wewe unapokelewa wapi, maana mara ya kwanza alama za vidole lazima uende mwenyewe, na hiyo nauli iingie kwenye bajeti. Baada ya hapo vidole vinahifadhiwa karibu miaka mitano.

Ada kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na ukinyimwa hairudi. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, mwisho siku 15 kabla. Usingoje hizo siku 15, sheria inawaruhusu kufika hadi siku 45 wakiwa na jambo la kuchunguza. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10, iwe hai miezi mitatu baada ya kutoka kwao, na iwe na kurasa mbili tupu. Bima ya safari isiwe chini ya euro 30,000.

Karatasi zetu zilikuwa barua ya likizo ya kila mmoja kutoka kazini, taarifa za benki za miezi sita, cheti cha ndoa, chumba kilicholipiwa ambacho unaweza kukifuta bila kukatwa, na nafasi ya ndege ya kwenda na kurudi. Chochote kilichoandikwa kwa Kiswahili, kitafsirishe.

Shemeji yangu, kwa nia njema kabisa, alitaka kutuwekea milioni tano kwenye akaunti "iwapendeze". Tukamshukuru, tukakataa. Fedha inayotua ghafla wiki moja kabla ya maombi hata mtoto ataiuliza imetoka wapi. Afadhali akaunti ya wastani inayoeleweka, mshahara unaingia, matumizi yanatoka, kinabaki kitu.

Sisi tuligongewa muhuri uwanja wa ndege. Tangu Oktoba 2025 wameanza kusajili sura na vidole mpakani badala ya muhuri, basi jipangieni muda wa foleni.

Hatua ya 4: Kufika bandarini

Hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka Dar. Utabadilisha Addis Ababa, Doha, Istanbul au Cairo. Kutoka uwanja wa Athens kuna treni ya metro, laini ya 3, inayofika hadi bandari ya Piraeus bila kubadilisha. Tikiti ya uwanja wa ndege euro 9. Saa zao za kiangazi ni sawasawa na zetu, hurekebishi kitu. Ila tikiti ya meli ikiandikwa 07:30, hiyo ni saa moja na nusu asubuhi. Nacheka, lakini mume wangu alikuwa ameandika "saa saba na nusu" kwenye simu.

Lala Piraeus usiku wa kuamkia safari. Bandari ile ni kubwa, mageti yana herufi na namba, na kutoka geti moja hadi jingine unaweza kutembea mpaka miguu iombe radhi.

Hatua ya 5: Meli

Zipo za aina mbili. Boti za mwendo kasi ni ghali na zinarukaruka kwenye mawimbi, abiria anakaa ndani. Meli kubwa za magari ni taratibu, Piraeus hadi Naxos saa tano na kitu, lakini unakaa juu kwenye upepo, unanunua kahawa, unaona visiwa vikipita. Sisi tulichukua ya taratibu, karibu euro 50 kila mmoja. Aliyezoea kuvuka kwenda Unguja hataona ugeni.

Angalizo: njiani meli hutia nanga Paros, na kushuka ni kwa dakika chache mno. Watu huteremka mapema kwenye tumbo la meli penye magari, wamesimama na mizigo gizani, minyororo inalia, kisha mlango wa nyuma unalala gatini na mwanga unakuingia machoni kwa mkupuo. Soma jina la kisiwa kabla hujakanyaga nchi kavu. Mama mmoja nyuma yetu aliburuta masanduku matatu hadi gatini Paros, ikabidi mabaharia wamrudishe mbio.

Naxos ukifika, hutafuti Portara. Iko pale pale mdomoni mwa bandari, unaiona meli ikigeuka. Mume wangu aliacha kuzungumza. Nikamwacha.

Hatua ya 6: Chumba

Kaeni mji mkuu, Chora, kama hamna gari. Mabasi yote yanaanzia bandarini. Kuna kodi ya serikali inayolipwa hapo hapo, kwa chumba kwa usiku, Aprili hadi Oktoba: hoteli ya nyota moja au mbili euro 2, nyota tatu euro 5, nne euro 10, tano euro 15. Mara nyingi haimo kwenye bei uliyoiona ulipokuwa unalipia.

Hatua ya 7: Siku zenyewe

Msizijaze. Siku moja tulipanda basi hadi Apeiranthos, kijiji cha mlimani ambacho vichochoro vyake vimesakafiwa marumaru, siyo kwa kujionyesha bali ndiyo mawe waliyonayo. Siku nyingine tulikwenda Apollonas kaskazini, ambako sanamu ya mtu ya zaidi ya mita 10 imelala chali machimboni. Waliichonga karne nyingi kabla ya Kristo wakaiacha kabla haijakwisha. Barabara ina kona, mwenye kichefuchefu akae mbele. Siku zilizobaki tulioga baharini, tukalala mchana kama wao, tukala.

Na Portara. Unavuka njia nyembamba ya mawe, mawimbi yakikurushia chumvi, unapanda kilima kifupi. Ni nguzo mbili na kizingiti cha juu, karibu mita 6, marumaru tupu. Mtawala wao Lygdamis alianza hekalu hapo karibu mwaka 530 kabla ya Kristo, akapinduliwa, likabaki gofu. Baadaye Waveneti, watu wa Venice huko Italia, walibeba mawe yake kujengea ngome yao mjini, hili lango likawashinda uzito. Ukisogea karibu utaona vinundu kwenye mawe, ambavyo fundi huviacha vya kushikia wakati wa kunyanyua, kisha huvichonga mwishoni. Huo mwisho haukufika. Mume wangu aliweka kiganja juu ya kimoja, akasema, "Kwenye kalenda nilidhani ni madoa ya unyevu."

Wagiriki wana hadithi ya kale kwamba shujaa wao Theseus alimtelekeza mpenzi wake Ariadne kwenye kisiwa hiki hiki akiwa usingizini. Nilipoisikia, adhuhuri ile sikulala.

Hatua ya 8: Usiku wa akiba

Usipande meli siku ile ile ya ndege. Upepo ukizidi kiwango, mamlaka ya bandari hukataza meli kuondoka, na boti za mwendo kasi huzuiwa kabla ya meli kubwa. Siku yetu ya kurudi boti zilifutwa tangu alfajiri. Meli yetu iliondoka ikiwa imechelewa kwa muda wa saa tatu, tukafika Piraeus usiku, na ndege ilikuwa kesho yake jioni. Wawili tuliokuwa tukinywa nao chai walikuwa na ndege usiku ule ule. Sina la kuongeza.

Maswali ya wanachama

*Mama Nuru: Dada, chakula halali kinapatikana? Na kuswali je?*

Mama Nuru, kisiwani nyama yenye cheti hatukuiona, kwa hiyo tulikula samaki, pweza wa kuchoma, maharage makubwa ya tanuri, mboga za majani zenye ndimu, viazi na jibini. Mishikaki yao ya souvlaki kwa kawaida ni nguruwe, usidhani ni ng'ombe. Neno la kuogopa ni *hirino*, yaani nguruwe. Uliza pia kama mchuzi umetiwa mvinyo, hawakasiriki. Kuswali ni chumbani. Msikiti rasmi wa Athens, ule wa Votanikos, ulifunguliwa Novemba 2020.

*Kijana wa Chumbageni: Shikamoo dada. Leseni yetu inatosha kukodi gari?*

Marahaba. Haitoshi, chukua na kibali cha kimataifa cha udereva kabla hujaondoka. Na kumbuka wao huendesha kulia. Zile pikipiki za magurudumu manne achaneni nazo. Kona za mlimani, changarawe, na bima yenye masharti kuliko maneno.

*Bi Tatu: Jumla mlitumia kiasi gani?*

Nauli ya ndege inategemea ulinunua lini, siisemi. Ukiitoa hiyo na viza: chumba euro 65 kwa usiku, chakula cha wawili kati ya euro 40 na 45 kwa siku kwa sababu asubuhi tulijipikia wenyewe, mabasi euro chache kwa safari. Julai usitumie hesabu hii.

*Mwanaidi: Shoga, mume wangu hajui kuogelea, nami naingia majini na ushungi. Tutatazamwa?*

Walinitazama siku ya kwanza dakika moja, wakarudi kwenye vitabu vyao. Kwa asiyejua kuogelea nendeni Agios Georgios, kwa miguu tu kutoka mjini. Maji ni mafupi hadi mbali. Tena bahari yao haijai wala haikupwi kama yetu, ulipoacha kanga asubuhi utaikuta jioni.

*Mzee Kombo: Nimesikia karatasi haitupwi chooni. Kweli?*

Kweli, mzee wangu. Mabomba yao membamba, kuna ndoo pembeni. Kopo la maji kachukueni dukani siku ya kwanza.

*Rehema: Langoni kuna kiingilio? Usiku panafungwa?*

Hakuna kiingilio wala hapafungwi. Jioni panajaa wanaongoja jua lizame, wakishapiga picha wanaondoka wote kwa pamoja. Ninyi ngojeni. Bebeni tochi, na ushungi ufunge vizuri kabla ya kuvuka ile njia ya mawe. Wangu uko baharini.