Jinsi ya kumpimia mtoto parasetamoli ya maji bila kumzidishia

Ninahudumia dirishani katika duka la dawa, na hakuna dawa ninayoitoa mara nyingi kama parasetamoli ya maji. Wengi huiita Panadol ya mtoto hata chupa ikiwa na jina lingine kabisa. Juzi dada mmoja alikuja na chupa mbili kutoka nyumbani, moja imeisha na nyingine mpya, akiuliza kama "kijiko kimoja" alichoelekezwa kwa ile ya kwanza kinafaa kwa hii ya pili. Hakikufaa. Tulikaa tukapiga hesabu pamoja, na hesabu hiyo ndiyo ninayoiandika hapa.

Hatua ya 1: Hakikisha mtoto ni wa kutibiwa nyumbani

Mtoto wa chini ya miezi 3 mwenye homa apelekwe hospitali, usimpe kitu kwanza. Vivyo hivyo kwa mtoto wa umri wowote mwenye degedege, anayetapika kila kitu, asiyeweza kunywa wala kunyonya, au aliyelegea na haamki vizuri.

Kwa wengine, pima joto kwa kipimajoto kwapani. Miongozo ya kutibu watoto huelekeza parasetamoli joto likifika nyuzi 38.5, na ni sawa pia kumpa mtoto mwenye maumivu. Akiwa na joto dogo lakini anacheza na kunywa vizuri, mpunguzie nguo, mpe vinywaji, umwangalie. Na ukiwa sehemu yenye malaria, nenda akapimwe siku hiyohiyo. Parasetamoli inashusha homa tu, vimelea haivigusi, na mtoto anaweza kuonekana amepata nafuu huku malaria inaendelea.

Hatua ya 2: Tafuta uzito wake

Uko kwenye kadi ya kliniki. Ukiwa ni wa zamani, mpime upya. Usikadirie kwa umri, kwa sababu watoto wawili wa miaka 2 wanaweza kupishana kilo 4 au 5.

Hatua ya 3: Soma ukali wa dawa kwenye chupa

Hapa ndipo watu wanapokosea, kwa hiyo tusiharakishe.

Geuza chupa utafute maandishi madogo ya viambato. Utaona jina paracetamol, halafu namba mbili: miligramu (mg) ngapi za dawa zimo ndani ya mililita (ml) ngapi za maji. Chupa nyingi za watoto wadogo zina mg 120 katika kila ml 5. Zipo za watoto wakubwa zenye mg 250 katika ml 5 zilezile. Halafu kuna kichupa kidogo cha matone kwa watoto wachanga, ambacho aghalabu kina mg 100 katika ml 1 tu. Wazazi wengi hudhani matone ndiyo dawa hafifu kwa kuwa ni ya wachanga, kumbe ndiyo kali kuliko zote. Imetengenezwa hivyo ili mtoto ameze kiasi kidogo.

Ni kama vikombe viwili vya chai vilivyojaa sawa, kimoja kikiwa na kijiko kimoja cha sukari na kingine viwili. Kwa macho huwezi kuvitofautisha.

Sasa hesabu. Kiwango cha mara moja ni mg 10 hadi 15 kwa kila kilo ya mtoto. Chukua 15 kama kikomo. Zidisha uzito kwa 15, upate mg. Zidisha jibu hilo kwa 5, kisha gawanya kwa mg zilizoandikwa kuwa zimo katika ml 5. Mtoto wa kilo 8:

8 × 15 = mg 120.
Chupa ya mg 120: 120 × 5 ÷ 120 = ml 5.
Chupa ya mg 250: 120 × 5 ÷ 250 = ml 2.4.
Matone ya mg 100 kwa ml 1 (hapa huzidishi kwa 5): 120 ÷ 100 = ml 1.2.

Mtoto yuleyule, homa ileile, vipimo vitatu tofauti. Ukimpa ml 5 kutoka chupa ya mg 250 umemzidishia maradufu. Ukimpa ml 5 za matone umemmiminia mg 500, zaidi ya kiasi cha siku nzima, kwa mpigo mmoja. Makosa ya namna hii hayako kwetu tu. Mwaka 2011 watengenezaji wa Marekani waliamua kuachana na matone makali ya wachanga na kubaki na ukali mmoja kwa watoto wote, wa mg 160 katika ml 5, kwa sababu wazazi walikuwa wakichanganya.

Tahadhari zaidi. Lebo ikitaja kiasi kidogo kuliko hesabu yako, fuata lebo. Mtoto mwenye utapiamlo, aliyeishiwa maji mwilini au mwenye ugonjwa wa ini asipimiwe kwa hesabu hii, apangiwe na daktari. Lebo ikiwa imefutika, usiitumie chupa hiyo. Na ukipata jibu, liandike kwa kalamu kwenye chupa yenyewe: "ml 2.4, kilo 8", pamoja na tarehe. Saa 8 usiku, mtoto analia, hutaweza kugawanya.

Hatua ya 4: Vuta kwa bomba

Tikisa chupa. Tumia bomba la sindano lisilo na sindano, la ml 5. Ni rahisi sana na lina alama hadi sehemu ndogo za ml. Vijiko vya jikoni vinapishana ukubwa, na hata kile kikombe kidogo kinachokuja na chupa sikipendi, kwani ml 2.4 huzioni humo. Mkalishe mtoto wima, elekeza bomba ndani ya shavu, sukuma polepole.

Akitapika ndani ya dakika 30, unaweza kurudia kipimo kilekile mara moja. Zikishapita, subiri zamu inayofuata.

Hatua ya 5: Andika saa

Usizidi mara 4 katika saa 24. Saa zetu zinasaidia: saa 12 asubuhi, saa 6 mchana, saa 12 jioni, saa 6 usiku. Bandika karatasi ukutani, kila anayempa aandike. Mama akimpa, kisha bibi naye akampa bila kujua, hapo ndipo dozi inapozidi. Homa ikivuka siku 2, rudi kituoni.

Hatua ya 6: Kagua dawa nyingine

Dawa nyingi za mafua zina parasetamoli ndani. Tafuta kwenye lebo jina paracetamol au acetaminophen, ambalo ni jina lingine la dawa hiyohiyo. Likiwepo, chagua dawa moja tu. Aspirini usimpe mtoto. Nunua kwenye duka lililosajiliwa, chupa yenye kizibo ambacho hakijafunguliwa. Huko Gambia mwaka 2022 watoto walikufa kwa figo kushindwa kazi baada ya kunywa dawa za maji za kikohozi na mafua zilizochafuliwa.

Hatua ya 7: Kama umeshamzidishia

Nenda hospitali sasa hivi, hata kama anacheza. Parasetamoli iliyozidi huharibu ini, na siku ya kwanza mtoto anaweza asionyeshe dalili yoyote. Dawa ya kuzuia madhara hayo ipo, nayo hufanya kazi vizuri zaidi ikianzwa ndani ya saa 8 tangu alipomeza. Usimtapishe. Beba chupa, bomba, na ile karatasi ya saa.