Saketi ya kuzima leza kifuniko kinapofunguliwa

Juzi nilimsaidia kijana aliyejiundia projekta ya leza ya wati 1. Kazi safi, ila ukifungua kifuniko leza inaendelea kuwaka. Kuanzia miliwati 500 ni daraja la 4: hata nuru iliyogonga ukuta ikarudi inaweza kuumiza jicho.

1. Chomoa leza, weka balbu ya volti 12 mahali pake.

2. Unga mfululizo: volti 12, fyuzi, swichi ya ufunguo, kitufe cha dharura, swichi ya kifuniko, koili ya relei (swichi inayovutwa na sumaku ya umeme). Kifuniko kikifungwa kinaikandamiza swichi, kwa hiyo tumia miguu ya COM (wa pamoja) na NO (unaoungana swichi ikikandamizwa). Diodi 1N4007 ikae sambamba na koili, mstari wake upande wa chanya. Arduino (kompyuta ndogo ya kuongozea projekta) isiguse mnyororo huu. Programu huganda, waya haugandi.

3. Kabla ya koili weka kitufe cha kuwashia, sambamba na seti moja ya kontakti za relei yenyewe. Bila hivyo, kifuniko kikirudi tu leza inawaka, na mkono wako huenda bado umo ndani.

4. Taa za kuonyesha. Hizi zilinila jioni nzima nilipounda yangu. Niliweka LED na rezista ya omu 1,000 sambamba na kila swichi, ili swichi ikiachia taa yake iwake. Ilipendeza kweli. Nikafungua kifuniko, taa ikawaka, relei kimya! Nikabadilisha swichi, nikabadilisha relei, wapi. Mwishowe nikapima koili: volti 2.9. Umeme ulikuwa unapenya kwenye LED. Relei ya volti 12 huhitaji kama volti 9 ili ivute, lakini ikishavuta inaweza kung'ang'ania hadi volti zishuke karibu na 1.2. Kwa hiyo usiweke chochote sambamba na swichi za usalama, hata kapasita. LED na rezista yake itoke kwenye kiungo kilicho baada ya swichi, iende hasi. Ukizifuata kuanzia kwenye chanya, ya kwanza iliyozimika ndiyo inayokuonyesha mahali palipokatika.

5. Seti ya pili ya kontakti ikate umeme wa DC unaoingia kwenye draiva (saketi inayoilisha leza umeme). Usikate waya wa TTL (wa ishara ya kuwasha na kuzima leza) peke yake: kuna draiva ambazo TTL ikining'inia bila kuungwa huwasha leza kwa nguvu zote. Wala usikate upande wa umeme wa ukutani, kwa sababu kapasita za pawa saplai hubaki na chaji.

6. Kama una soketi ya ILDA ya pini 25 (ya kuunganishia projekta ya leza na kifaa kinachoiongoza), pini 4 na 17 ni za kazi hii. Ziingize kwenye mnyororo, kebo ikichomoka leza izime.

7. Jaribu kila swichi peke yake, mara kumi kumi, ukiitazama balbu. Kisha vaa miwani ya kinga inayozuia rangi ya leza yako ndipo uirudishe leza.