Kulabu Isiyokatika: Namna ya Kuandaa Fremu ya Meno Bandia Iliyochapwa kwa Leza

Fremu ya meno bandia ya kuvaa na kuvua, inayojengwa kwa kuyeyusha poda ya kobalti na kromiamu kwa leza, tabaka juu ya tabaka, huvunjika zaidi kwa uchovu wa metali kuliko kwa pigo moja. Mgonjwa anayeivua na kuirudisha mara 4 kwa siku huipitisha kila kulabu, yaani mkono mwembamba wa metali unaoshika jino, kwenye mizunguko 1,460 ya kutanuka kwa mwaka, na ufa ulioanzia kwenye kitundu kisichoonekana kwa macho hurefuka kidogo kidogo mpaka kulabu inakatika.

Anza na poda. Dai cheti kinachoonyesha kwamba aloi, yaani mchanganyiko huo wa metali, inafikia aina ya 5 ya ISO 22674, kiwango cha kimataifa cha metali za meno, yaani angalau uimara wa megapaskali 500, mrefuko wa asilimia 2 na ukakamavu wa gigapaskali 150. Hakikisha vipimo hivyo vilichukuliwa kwenye sampuli zilizochapwa na kupashwa moto, kwa sababu matokeo ya aloi iliyomiminwa hayasemi lolote kuhusu kazi yako.

Katika usanifu, ncha ya kulabu isiingie kwa kina cha zaidi ya milimita 0.25 kwenye sehemu ya jino inayobonyea chini ya upana wake mkubwa, kwa kuwa aloi hii ni kakamavu na hainyumbuki kama dhahabu. Unene upungue polepole kuelekea nchani, na shina lake liungane na fremu kwa mviringo, pasipo kona kali. Unapochagua mlalo wa fremu kwenye programu ya kuchapa, zuia mipaka ya tabaka isikate shina kwa upana wake, maana hapo ndipo sehemu zisizoyeyuka vizuri hufunguka zinapovutwa. Kulabu imepinda, kwa hiyo hakuna mlalo utakaoifaa yote. Mimi hutanguliza shina. Nguzo za kushikilia fremu wakati wa kuchapwa zikae mbali na upande unaogusa jino.

Hatua inayorukwa kwa haraka ya kukabidhi kazi, na ambayo naiona nzito kuliko zote, ni tanuri. Metali iliyoyeyuka na kupoa ghafla hubaki na mkazo ndani yake, na ukiikata kutoka kwenye bamba ambalo ilichapwa juu yake kabla ya kuipasha moto, fremu hujikunja na haikai tena kinywani ilivyopimwa. Ipashe ikiwa bado kwenye bamba, ndani ya gesi ya agoni, kwa joto na muda aliouandika mtengenezaji wa poda hiyohiyo.

Ukishaondoa nguzo, sugua kwa kufuata urefu wa kulabu, kwani mkwaruzo wa kukingama ni mwanzo wa ufa, kisha ing'arishe na uikague kwa kioo cha kukuzia.

Mweleze mgonjwa aivue kwa kuishika pande zote mbili, asiiloweke kwenye dawa ya klorini, na kulabu ikilegea airudishe kliniki badala ya kuikunja mwenyewe kwa koleo.